Maji ya Kusukutua

Baba alinishika bega nyuma ya jiko akaniambia, "Kata ya maji ikifika kwako, sukutua, tema, useme huna kitu moyoni. Basi. Umenielewa?" Nikamjibu, "Nimeelewa, Baba." Ningeweza kukataa. Watu wa rika langu watasema enzi zetu mtoto hakumwambia baba yake hapana, na ni kweli, lakini rika hilohilo linajua kwamba tulikuwa tukitoroka chuo cha Kurani, tukiiba madafu ya watu na kuapa mchana kweupe kuwa hatukuiba. Ujasiri wa kukaidi tulikuwa nao pale tulipoutaka. Siku ile sikuutaka.

Nisingeandika haya kama si macho. Mwezi uliopita wanangu walinipeleka kupimwa, na muuguzi, binti mpole sana, akanitia matone. "Babu, utaona ukungu ukungu, usiogope." Nikamuuliza jina la dawa. Akageuza chupa akanisomea: atropini. Niliporudi nyumbani nilijitazama kwenye kioo cha bafuni. Mboni zilikuwa zimefunguka mpaka weusi umekula rangi yote ya jicho, ukabaki uzi mwembamba pembeni. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Macho yale niliyafahamu. Mara ya kwanza kuyaona ilikuwa usoni pa mdogo wangu Mwanahawa, na aliyeyafungua ni mimi.

Tulikaa Temeke, wakati Temeke ilikuwa minazi na mikorosho, nyumba za udongo na makuti hapa na pale, na njia za mchanga uliokuunguza nyayo ukichelewa kutoka shule. Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini. Alivaa kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na baiskeli yake aliifuta kila jioni kama mtu anayemwogesha mtoto. Bibi mzaa mama, Bi Mwamvua, alikaa chumba cha uani. Alikuwa mganga wa majani. Ramli hakupiga, pepo hakuwapunga, ukimletea habari za kulogwa alikuambia, "Mwanangu, mimi najua kuhara na homa. Wachawi siwajui, wala hawanijui."

Chumba chake kilinuka kivumbasi, majivu na mizizi mibichi. Darini kulining'inia mafungu ya majani, na ukutani mkoba wake wa ngozi ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa isipokuwa mimi, kwa kuwa alikuwa ameamua siku moja utakuwa wangu. Kama ilivyo desturi ya pwani, bibi na mjukuu ni watani, basi kila nikiingia aliniita mume wake.

"Mume wangu, umekuja mikono mitupu? Mkeo atakula nini?"

"Mke mwenyewe hana meno, Bibi. Atatafuna nini?"

Alicheka mpaka tambuu ikamtoka. Halafu ananipa jani nilinuse huku nimefumba macho, nimtajie jina. Mwarobaini, mlonge, mpera, mchaichai. Nikikosea ananifinya sikio, nikipatia ananifinya vilevile, ili nisivimbe kichwa.

Mmea mmoja hakunifunza kwa kunusa. Uliota nyuma ya choo, karibu na jalala: maua meupe marefu kama tarumbeta, matunda ya mviringo yenye miiba. Mnanaha. Watoto wote wa mtaani tulikatazwa kuugusa, na Bibi mwenyewe akiuvuna alinawa mikono mara tatu kabla ya kushika chakula. Lakini ndio uliokuwa mmea wa Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa na miaka saba na alikuwa na pumu. Ikimshika, pumzi yake ililia kama filimbi iliyoingia mchanga, mabega yakapanda, midomo ikageuka rangi ya majivu. Hapo Bibi alichukua jani moja kavu la mnanaha, moja tu, akalivunjia juu ya kaa la moto kwenye kigae cha chungu, akamfunika Mwanahawa kwa kanga. "Vuta. Haya, tena." Mara saba, kisha akaifunua kanga hata kama mtoto analilia zaidi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupuliza kaa. Haukupita muda mrefu kifua kikafunguka, naye Mwanahawa anaomba uji.

Siku moja nilimuuliza Bibi kwa nini asimpe anywe, ipone moja kwa moja. Akanitazama kama nimetukana.

"Huyu ni mgeni mkorofi, mume wangu. Ukimweka barazani mtazungumza vizuri. Ukimwingiza ndani atakutoa wewe mwenye nyumba."

Nilidhani ni maneno ya Bibi tu. Alikuwa na maneno ya namna hiyo kwa kila kitu, hata kwa chumvi.

Shuleni nako tulikuwa na mwalimu wetu wa afya, kijana kutoka bara, hodari, kaptura nyeupe na soksi ndefu, ambaye nilimpenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote asiye ndugu yangu. Ndiye aliyetufundisha kwamba kwinini inatoka kwenye gome la mti. Alichora mti ubaoni, akachora chungu, akachora kidonge.

"Gome lote si dawa," alisema. "Ndani ya gome kuna kiini. Mtaalamu analichemsha, anakitoa kile kiini, anakupa kiini chenyewe. Sasa ninyi, babu zenu wamechoma na kufukiza miaka na miaka. Dawa wamevuta kunguru!"

Darasa lilicheka. Mwenzangu mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, huyu hapa bibi yake anafukiza! Anafukiza mpaka kuku!"

Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka pamoja nao, masikio yakiniwaka. Nilirudi nyumbani siku ile nikautazama moshi wa Bibi kwa jicho jingine. Niliuona unapita kwenye matundu ya kanga, unapanda kwenye makuti, unapotea. Nikawaza: kiini hicho kinakwenda.

Ilikuwa siku chache baadaye. Bibi alikuwa Mbagala kwa mzazi aliyejifungua, atarudi kesho yake. Mama alikuwa kisimani na nguo. Nimetoka shule, jua bado kali, nikamkuta Mwanahawa amekaa kwenye kinu, ameshika magoti, filimbi inalia.

Hapa nataka kusema wazi, kwa maana wengine wamenitetea niliposimulia, kwamba nilikuwa mtoto na sikujua la kufanya. Nilijua. Kufukiza nilikujua tangu kaa mpaka kanga. Moto ulikuwepo, kigae kilikuwepo. Nilichagua kuchemsha. Nilichukua konzi nzima ya majani kutoka kwenye mkoba, nikayatia kwenye sufuria yenye maji, nikayaacha yatokote hadi maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Nikatia sukari.

"Mbona hunifukizi?" Mwanahawa aliuliza, neno moja kwa pumzi moja. "Bibi hufukiza."

"Hii ndiyo ya kisomi. Kunywa."

"Chungu, kaka."

"Dawa tamu umeiona wapi? Kunywa yote."

Akanywa yote. Aliniamini kwa sababu nilikuwa darasa la nne.

Na pumzi ikafunguka! Nakumbuka furaha yangu. Filimbi ilinyamaza, mabega yakashuka, nami nikasimama uani nikijiona mtaalamu. Nikapanga jinsi nitakavyomsimulia mwalimu. Kisha Mwanahawa akasema ana kiu. Nikampa maji, akasema bado. Uso ulikuwa mwekundu, ngozi ya moto na kavu kama karatasi iliyoanikwa. Akaanza kuokota nyuzi hewani, nyuzi ambazo hazikuwepo, anazivuta taratibu kwa vidole viwili. Akamwita paka. Hatukuwa na paka. Nikamwinua kidevu, nikaona macho.

Mama alirudi akapiga yowe. Majirani wakajaa. Baba alipofika na baiskeli yake, kila mtu alikuwa chumbani isipokuwa mimi, niliyekuwa nyuma ya jiko nimekaa na sufuria. Nilimweleza yote, bila kuulizwa mara mbili. Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga. Aliichukua sufuria, akamwaga kila kitu chooni, akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Baba."

"Na iwe hivyo." Akachutama mbele yangu, kaki yake ikagusa majivu, jambo ambalo sijapata kuliona. "Mwalimu wako amesema utapata nafasi ya shule ya kati. Mtoto aliyemlisha ndugu yake mnanaha watamwita nini? Mchawi. Polisi wakiingia hapa mimi nina kazi tena? Nyamaza."

Bibi alirejea asubuhi. Aliingia moja kwa moja, akanusa mdomo wa Mwanahawa, akatia vidole kwapani akakuta pakavu, akamfungua jicho. Akatoka. Nilisikia mkoba ukishushwa ukutani, majani yakipekuliwa, kisha ukatundikwa tena. Alipofika uani aliuliza nyumba nzima, sauti ya kawaida, "Amekunywa nini mtoto huyu?"

Mama akasema hakunywa kitu. Baba akasema hakunywa kitu. Bibi akanitazama. Nikatazama miguu yangu.

Akaziba dirisha kwa mkeka ili mwanga usimuumize, akamlaza kwenye nguo mbichi, akamnywesha maji kijiko kwa kijiko. Mwanahawa hakumtambua. Kufikia mchana alikuwa anamsukuma Mama akidhani ni mtu mgeni, na Mjomba Kondo, kaka yake Mama, alipofika kutoka Kisarawe akaamua tusukutue.

Kwetu mgonjwa akizidiwa, ndugu hukusanyika. Kata ya maji huzunguka, kila mtu husukutua, hutema chini mbele ya mlango wa mgonjwa, na kusema lililomo moyoni mwake: kinyongo, siri, neno baya. Lililosemwa hutoka na maji. Kuna sharti moja: mwenye jambo hulisema mwenyewe. Ukilisemewa na mwingine, halitoki, linamrudia mgonjwa. Ndiyo maana Bibi, aliyekuwa amekwisha hesabu majani yake, hakuwa na njia ya kunitaja. Tulifungwa sote kwa kamba moja, ila fundo nilikuwa nalo mimi.

Tulikaa duara uani. Kabla hatujakaa, Baba alikuwa ameniita nyuma ya jiko mara ya pili na kunipa yale maneno.

Mama alianza, akilia. Alisema alipokuwa na mimba ya Mwanahawa alitamani mtoto wa kiume. Shangazi mmoja akasema yeye ana kinyongo cha jogoo aliyechinjwa Idi iliyopita na hakupewa hata paja. Mjomba Kondo akamwambia, "Dada, paja hilo ndilo limemtia mtoto wazimu?" Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachokatika katikati. Baba akasukutua, akatema, akasema, "Sina kitu." Bila kupepesa.

Kata ikafika kwa Bibi.

"Aliyenipa jani la mnanaha alinipa moshi," alisema. "Maji hakunipa. Mkono wangu haujampa mtoto huyu maji. Lakini kama kuna mtu alikosea kwa kumpenda, mimi nimeshamsamehe kabla hajasema. Aseme tu, nijue kiasi alichokunywa mtoto." Akatema. Kisha kata ile akanipa mimi kwa mikono miwili, kama anayenipa kitu changu.

Mlango ulikuwa wazi kiasi kile. Naliona sasa hivi lile duara: miguu ya watu mchangani, madoa ya maji yanakauka, viatu vya Baba vya kazini. Ningesema neno moja na Bibi angeinuka pale pale kwenda kumhudumia mjukuu wake akijua anachopambana nacho. Maji yalikuwa na ladha ya nazi. Nikasukutua. Nikatema. "Sina kitu moyoni."

Bibi aliyafuata yale mate kwa macho mpaka yakazama.

Basi watu wote walikuwa wamesema na mgonjwa hakupata nafuu, ukabaki mkoba wa Bibi kulaumiwa. Baba alisafisha koo. "Mama mkwe, kwa heshima yote. Juzi ulimfukiza. Wiki iliyopita ulimfukiza. Sumu hujikusanya." Neno hilo la kitabuni liliwaridhisha watu. Mjomba Kondo alijaribu kumtetea mamake akakosa cha kushika. Ikaamuliwa asitibu tena mtoto wa mtu. Mjomba mwenyewe akaung'oa mnanaha nyuma ya choo na kuufukia mkoba chini ya mchanga, na Bibi akasimama akitazama.

Siku ya tatu Mwanahawa alirudiwa na akili, akaomba uji. Hakukumbuka chochote, hata uchungu wa ile dawa. Siku ya tano Bibi alifunga kanga zake kwenda kukaa na Mjomba Kisarawe. Aliniita chumbani, ambamo sasa hamkuwa na harufu ya kitu.

"Mume wangu, huna la kuniambia?"

"Sina, Bibi."

"Hata dogo?"

"Hata dogo."

"Haya," akasema, akanifinya sikio, lakini taratibu, bila kuliumiza.

Nilidhani kunyamaza ni jambo unalolifanya mara moja na kulimaliza. Kumbe unalifanya kila siku. Nilishinda mtihani, nikapata shule ya kati, Baba akaninunulia viatu, na kila nilipovivaa nilijua ni vya nini. Tulipokutana naye mezani tuliepushana macho kama wezi walioiba pamoja. Mwanahawa alikuwa akiniuliza, "Kaka, Bibi alituacha kwa nini?" Nami nikimjibu, "Hata mimi sijui." Idi tulipokwenda Kisarawe nilitembea njia nzima nikiyapanga maneno, na kila mara nilifika nikakuta ukumbi umejaa watu, nikafurahi kuwa umejaa.

Pumu haikuondoka na Bibi. Ikimshika sasa, Mama alimkalisha dirishani akimpepea, tukisubiri ipite, na mara nyingi ilipita. Mara mbili Baba alimbeba kwenye baiskeli hadi hospitali mjini, wakamsaidia. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shule ya kati masika ilipokuja na mvua isiyokatika. Njia ya kwenda mjini ilikuwa maji matupu. Baba alikuwa amekwama kazini. Filimbi ilianza alfajiri, na kufikia saa nne ilikuwa imeshuka ikawa sauti ndogo tu, hafifu, ya kitu kinachochanika.

"Laiti mama yangu angekuwepo," Mama alisema, hasemi na mtu.

Nikatoka mvuani. Kwenye jalala la jirani ulikuwa umeota mnanaha mwingine, mkubwa, maua yameinama kwa maji. Nilijua jani moja. Nilijua lingekaushwa juu ya chuma cha moto, nilijua kigae, kanga, mara saba. Nilisimama mbele yake nikiwa na mkono umenyooka. Na nikaona kwamba nikiingia na jani lile ndani, Mama ataniuliza: kama moshi huu unaponya, basi siku ile alikunywa nini? Ningelazimika kulijibu swali la kata. Nikabaki pale. Sijui muda gani. Mvua ilinipiga mpaka nikasikia Mama akiita jina la Mwanahawa kwa namna ambayo haihitaji jibu.

Bibi alikuja mazikoni, ametembea sehemu kubwa ya njia. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akanijibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Tangu siku ile hakuniita mume wake tena. Alifariki nikiwa sekondari, na hakuna aliyemuuliza lolote alilolijua.

Huko sekondari nilisoma kemia, na siku moja nikakutana na ule mmea kitabuni, umechorwa vizuri, tarumbeta na miiba yake. Kitabu kilisema una viini viitwavyo alkaloidi, kimojawapo ni atropini, hulegeza mirija ya pumzi. Kikasema Ulaya majani yake yaliyokaushwa husokotwa sigara za wenye pumu, wavute moshi kwa kiasi, kwa kuwa ukinywewa ni sumu. Nilikisoma kifungu kile nimesimama. Yalikuwa maneno ya Bibi, ila yeye aliyasema kwa mgeni na baraza.

Kumnywesha nimejisamehe. Nilikosea nikitaka apone. Kunyamaza sikukosea, nilijua ninachofanya, mchana, mbele ya ukoo mzima. Neno lile nililokubali nyuma ya jiko lilimwondoa mtu pekee aliyejua kumtibu mdogo wangu, kisha likanizuia mimi, wa pili aliyejua, nisimtibu. Mwanahawa alikufa akiwa na miaka tisa kwa ugonjwa ambao jani moja lingeutuliza, na alikufa kwa sababu yangu.